Nyota Uliyosema Ingelimeza Jua

Mpendwa Mama Nekesa,

Jua la leo hapa Bungoma ni kali mpaka mabati yanalia. Nimekaa barazani nalitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anavyomtazama jirani aliyemdhania ni tajiri, kumbe ni mpangaji mwenzake. Wewe ndiye uliyenifichulia. Miaka imepita na bado sijazoea.

Barua hii nimekubali isomwe na wengine. Wengi huniuliza mke wangu alifundisha nini kule Kitale mpaka watu wakakasirika, na kila nikianza kueleza naona macho yao yakisema: maskini, majonzi yamemvuruga kichwa. Basi nakuambia wewe, wao wasikilize.

Unakumbuka nilivyokuwa tulipoanza kujuana. Kijana wa idara ya mizani na vipimo, shati limepigwa pasi, viatu vina vumbi la masoko. Kazi yangu ilikuwa kuweka mawe yangu ya kupimia juu ya mizani za wafanyabiashara, na kupindua gorogoro, yale makopo ya kupimia mahindi, kuona kama kuna mtu amegonga kitako kikaingia ndani. Nilijivuna kwamba hakuna anayeweza kunidanganya kuhusu ukubwa wa kitu. Nawe ulikuwa mwalimu mpya wa fizikia katika shule moja ya wasichana pale Kitale, umepanga nyumba ndogo yenye ukumbi unaotazama mashamba.

Ilikuwa Januari, mahindi yamekwisha kuvunwa, anga haina wingu. Nilikuwa nimekuja kukutembelea, na jua lilipotua tukakaa nje na chai yetu. Ukaniuliza swali kama unamuuliza mtoto wa darasani.

"Katika vitu vyote unavyoviona huko juu, kipi kikubwa zaidi?"

"Jua," nikajibu. Ni swali gani hilo?

"Na hizi nyota?"

"Hizi ni cheche tu. Jua ni jua bana."

Hukucheka. Ulinyoosha mkono juu, ukanionyesha nyota tatu zilizojipanga mstari, halafu ukasogeza kidole kidogo upande wa Kapenguria, kaskazini, mpaka kwenye nyota moja yenye wekundu wa kaa la moto. Ukasema kitabuni inaitwa Ibuti la Jauza. Mimi jina lilinishinda, nikaiita ile Nyekundu mpaka leo.

"Hiyo," ukasema, "ukiiweka mahali pa jua, sisi tuko ndani yake."

"Karibu nayo?"

"Ndani. Kama mbegu ndani ya papai. Itaimeza dunia na itaendelea, ipite hata sayari inayofuata baada yetu."

Niliweka kikombe chini. Nilitazama ile nukta, nikatazama mahali jua lilipotua, nikarudi kwenye nukta. Mtu mzima, nimeajiriwa na serikali, na nimekwenda miaka yote ile nikiamini kitu kikubwa kuliko vyote ndicho kile kinachonichoma kichwa sokoni. Ukaendelea kunimaliza pole pole. Kwamba dunia zaidi ya mia moja zinaweza kupangwa bega kwa bega kutoka ukingo mmoja wa jua mpaka wa pili. Kwamba ile Nyekundu nayo inalizidi jua kwa upana karibu mara mia saba. Kwamba jua lenyewe ni nyota ya kawaida tu, na tunaliona kubwa kwa sababu tunaishi mlangoni pake.

Nikakuuliza swali pekee lililobaki kichwani: "Nani aliipima? Na kwa mizani gani?"

Hapo ndipo ulicheka. Ukasema wanaume wengine ukiwaonyesha nyota wanakushika mkono, huyu anauliza mizani. Baadaye ulimwambia dada yako kwamba ulikubali kuolewa kwa sababu ya swali lile. Ukanieleza habari za mwanga na umbali na hesabu, kisha ukasema, bila aibu yoyote, kwamba wapimaji wenyewe bado hawajakubaliana juu ya ukubwa wake hasa. Hilo nalo lilinishtua. Kazini kwetu mizani mbili zisipokubaliana, moja inakamatwa.

Tukaoana. Nekesa akazaliwa, akakua. Mimi nikabaki na kazi yangu Bungoma, wewe Kitale, tukawa watu wa kukutana wikendi. Nilidhani habari ile ya nyota nimeimeza ikashuka. Ningejuaje kwamba nilikuwa nimeisikia tu, sijaiona?

Nikaiona siku ya wazazi.

Uliwatoa wazazi wote uwanjani, kina mama na khanga zao za siku kuu, wazee na makoti. Mwanafunzi mmoja akasimama na boga dogo la manjano ulilolinunua sokoni asubuhi. Ukasema hilo ndilo jua. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Halafu ukaniita mbele ya kila mtu.

"Baba Nekesa, njoo. Fungua mkono."

Ukaniwekea punje moja ya wimbi katikati ya kiganja. "Hiyo ni dunia," ukasema. "Usiiangushe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha ukapuliza filimbi. Wasichana wako waliokuwa wamejipanga kando ya uwanja wakaanza kukimbia, wengine huku, wengine kule, wakasambaa wakafanya duara kutoka goli la upande wa barabara mpaka goli la upande wa jikoni. Walipotulia ukapaza sauti: "Hapo walipo ndipo ukingo wa nyota yangu. Upana wake ni goli kwa goli. Na kwenda juu ni vivyo hivyo. Tazameni ile mikaratusi. Nyota inaipita, inaipita tena, na bado haijafika mwisho."

Shingo zote zikapinda nyuma. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alirudi hatua chache, kama vile kitu kinamshukia. Hakuna aliyecheka tena. Nilitazama boga lile mikononi mwa msichana, dogo, likipotea katikati ya uwanja mzima. Nikataka kuitazama dunia kiganjani kwangu, nikakuta kiganja kitupu. Kwa mshtuko nilikuwa nimeiangusha. Tulipiga magoti mimi na wewe tukaitafuta kwenye nyasi, wanafunzi wakashika mbavu kwa kicheko, na hatukuiona.

Hatukuona pia kwamba kuna mzazi mmoja ambaye alikuwa ameondoka.

Huyo alikuwa Mzee Ndiwa, aliyeshuka kutoka Kapsokwony, kule mlimani, kumwona binti yake wa kidato cha tatu. Siku chache baadaye ulinipigia simu. Sauti yako ilikuwa nyembamba.

"Kuna mzazi amelalamika. Ati ninafundisha watoto kwamba Mungu hana habari nao. Bodi inataka kukaa. Wengine wanasema nihamishwe."

Nilishtuka kuliko uwanjani. Mwalimu ambaye matokeo yake ya fizikia yalikuwa yanasifiwa, ahamishwe kwa sababu ya boga na punje ya wimbi? Niliomba ruhusa kazini, nikaja. Mwalimu mkuu akaniruhusu nikae kwenye kikao kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa, akidhani labda nitakutuliza.

Mzee Ndiwa alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa koti zito la watu wa baridi, kofia ameishika magotini. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu mkali.

"Mimi sikukuja kugombana na Madam," akasema. "Mimi nataka kuuliza tu. Mwaka jana nilizika kijana yangu. Nikajiambia Mungu anaona hiyo kaburi, hata kama iko huko juu kwa mlima, hata kama majani imefunika. Hiyo ndiyo ilikuwa inanisaidia kulala. Sasa nimekuja hapa naonyeshwa dunia yote ni kama wimbi. Wimbi, Madam! Na hiyo jamaa ya nyumba yako ameiangusha, na hamkuipata. Sasa kijana yangu, Mungu atamwona aje?"

Mwalimu mkuu alishika kalamu, akaiacha. Mjumbe mmoja wa bodi alikohoa akaanza kusema maneno ya kufariji, kwamba Mungu ni mkubwa, kwamba kila kitu kiko mikononi mwake, na Mzee Ndiwa akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mimi nilikuwa natafuta aya ya kumpa.

Ukamwuliza: "Mzee, siku ile uwanjani uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Mimi pia huogopa. Kila mwaka nikifanya somo hilo, naogopa. Na swali lako sijui jibu lake. Fizikia haijui, na mimi sijui."

Nakuambia kweli, nilidhani umejimaliza. Mwalimu anasimama mbele ya bodi inayotaka kumhamisha, anasema sijui? Mwalimu mkuu alikukazia macho. Lakini Mzee Ndiwa aliinua uso wake, na mshangao uliokuwa pale sikuwahi kuuona kwa mtu wa umri wake. Akasema, "Basi nionyeshe hiyo nyota yenyewe. Mimi niliona tu watoto wakikimbia."

Tulingoja kigiza kiingie. Wajumbe wa bodi walikuwa na haraka ya kwenda makwao, wakaliahirisha jambo lile, na halikurudi mezani tena. Tulibaki sisi watatu na yule binti yake nje ya maktaba. Nyota zilipoanza kutokea ukamshika Mzee Ndiwa kiwiko, ukamwelekeza.

"Ile nyekundu nyekundu. Umeiona?"

"Ile kadogo?"

"Hiyo hiyo."

"Wacha! Ile kadogo pale ndiyo inameza jua?"

"Jua na dunia pamoja. Na kuna nyingine zinaishinda hiyo, kubwa mara mbili yake."

Alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamshinda nguvu mpaka akavua kofia na kujipangusa macho. Alikuwa akisema tu, "Ati hiyo! Ati hiyo!" Binti yake alikuwa amejishika mdomo. Alituambia pembeni kwamba tangu kaka yake azikwe hajamsikia baba yake akicheka.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeshika, nilikuwa sokoni Kimilili. Nilikuwa nimeinama juu ya mizani ya muuza maharagwe. Simu ikalia, nikaona ni namba ya shule, nikadhani umeishiwa na chaji unatumia simu ya ofisi. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa upande wa pili. Ulikuwa unasahihisha mitihani katika chumba cha walimu, ukasema kichwa kinauma, ukalaza kichwa mezani. Wakadhani umepumzika. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani.

Sikumbuki nilivyotoka sokoni. Nakumbuka jiwe la mizani nilikuwa nimelishika mkononi mpaka Kitale, na hospitalini muuguzi ndiye aliyenifungua vidole akalichukua.

Mama Nekesa, nilikuwa nadhani nimeshajua maana ya kushtuka. Uwanja ule wote, mikaratusi ile yote, haikuwa kitu. Asubuhi iliyofuata jua lilichomoza kama kawaida na nikalitazama kwa hasira. Ng'ombe walikamuliwa. Watu walinunua mkate. Nilitaka kusimama barabarani niwaulize: mmeambiwa? Kuna mtu amewaambia kilichotokea?

Tulikuzika hapa nyumbani kwenye matope. Wakati wa hotuba nilikuwa nimekaa chini ya turubai, Nekesa ameniegemea bega, nikaona pikipiki inaingia ikiteleza, imembeba mzee aliyeloa kutoka kichwani mpaka kwenye buti. Ni Mzee Ndiwa. Ameshuka mlimani kwa barabara ile iliyoharibika, kwenye mvua ile. Hakuomba kipaza sauti. Alikuja akakaa karibu nami, maji yakimchuruzika, akaniinamia sikioni.

"Watu wote walinijibu," akasema. "Pasta alinijibu, chifu alinijibu, shemeji zangu walinijibu. Mwalimu peke yake aliniambia hajui. Huyo ndiye nilimwamini."

Akakaa hapo mpaka udongo wa mwisho. Na mimi mpaka leo ni maneno hayo tu niliyoyasikia siku ile. Hotuba nyingine zote ziliniingia zikatoka.

Nimekukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Januari ya mwisho uliniambia kwamba nyota zile kubwa mno hazidumu. Kwamba kwa ukubwa wake huunguza zilicho nacho kwa pupa, na jua letu, kwa udogo wake, litazipita kwa umri mbali sana. Ulilisema huku unamenya viazi, kama habari ya bei ya unga. Baada ya kukuzika neno hilo lilinirudia nikiwa nimekaa kitandani navua viatu, nikakirusha kiatu ukutani. Sikutaka hekima ndani yake. Wewe hukuwa nyota. Ulikuwa mtu mwenye kukoroma, mwenye kuficha sukari asiione daktari, uliyeacha kwenye friji sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, yenye kijiko ndani. Nilitaka udumu, basi.

Nekesa hunipigia simu kila jioni kutoka Eldoret kunikumbusha nile. Kazi nimeendelea nayo, kwa sababu nikikaa nyumbani kuta zinanijia. Na yaliyonitokea wiki iliyopita ndiyo hasa yamenifanya nikae nikuandikie.

Nilikuwa Chwele, siku ya soko. Kuna mama mmoja huuza nyanya karibu na lango, wanamwita Mama Khisa, mtu wa maneno mengi. Nilikuwa nimemaliza kukagua mizani yake, iko sawa, akaanza kulalamika kwamba jua limezidi, linamwivishia nyanya zote kabla ya saa sita. "Hili jua ni likubwa sana siku hizi," akasema. "Linaongezeka."

Sijui ni nini kilinipata. Nikajisikia nasema, "Mama, jua si kubwa."

"Ati?"

Nikachukua nyanya moja juu ya fungu lake. "Chukulia hili ndilo jua. Dunia yetu huwezi kuiona hapa, ni kama chembe ya mchanga. Sasa kuna nyota moja mbinguni, ukilinganisha na nyanya hii, inatoka hapa langoni, inapita wauza nguo, inapita wauza samaki, inafika kule kwa posho mill, wanaposaga unga. Na juu hivyo hivyo, kama mpira."

Alisimama. Alitazama nyanya, akatazama soko, macho yakafuata njia yote mpaka kwa posho mill. Watu wawili watatu walikuwa wamesogea. Mwenye mkokoteni akasema, "Mzee wa mizani leo amekunywa." Lakini Mama Khisa hakucheka. Nilimwona akishtuka, Mama Nekesa. Niliuona ule mshtuko ukiingia kwake vile vile ulivyoniingia mimi, mdomo ukafunguka, mkono ukaenda kifuani, na kwa mara ya kwanza nikajua wewe ulikuwa ukiona nini miaka yote ile ukisimama mbele ya darasa. Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unarudi nyumbani umechoka na bado unang'aa.

"Nani amekuambia hayo?" akaniuliza.

"Mke wangu."

"Yuko wapi nikamuulize mwenyewe?"

Tangu siku ile ya mvua nimekuwa nikisema ametutangulia, amepumzika, hayuko nasi. Maneno ya matangazo ya redio. Pale mbele ya fungu la nyanya nikafungua mdomo, na neno lenyewe likatoka.

"Amekufa."

Mama Khisa alivuta kiti chake cha plastiki akanikalisha, akasimama mbele yangu kunikinga na watu, nikalia pale katikati ya Chwele, sare ya serikali mwilini, hadharani, kama ambavyo sikuwahi kulia hata siku ya kukuzika. Hakuniambia nyamaza. Hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Alipoona nimetulia akanipa maji ya kunawa uso.

Kisha mteja akaja akataka nyanya za kuchagua, akanyoosha mkono kuichukua ile niliyokuwa nimeishika nikairudisha juu ya fungu. Mama Khisa akamwahi, akaiondoa kwenye fungu, akaifuta kwa leso yake, akaiweka kando.

"Hiyo siuzi," akamwambia.

Sina zaidi ya hayo kwa leo, Mama Nekesa. Lala. Mimi bado niko macho, bado nashangaa.

Ni mimi mume wako,
Baba Nekesa